Malkia wa Afrika alivyoingia Ufipa na waliokombolewa

Mwaka 2026 inatimia miaka 70 tangu Dk. Adrien Atiman afariki dunia. Mjini Sumbawanga jina lake liko kwenye hospitali ya Kanisa, na halikauki midomoni mwa watu: fulani kalazwa Atiman, shangazi kapelekwa Atiman. Kwa jina hilo la kigeni, ni rahisi kudhani mwenyewe alikuwa Mzungu, pengine padri. Hakuwa vyote viwili. Alikuwa mtoto wa Kiafrika aliyetekwa na kuuzwa utumwani, akakombolewa, akasomea uganga na kuwatibu watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika kwa miaka 67.

Namtaja kwa sababu ya sikukuu. Tarehe 30 Aprili, mvua za masika zikiwa ukingoni na baridi ya Ufipa ikianza kuuma, Wakatoliki wa huku wanamkumbuka Bikira Maria, Malkia wa Afrika, ambaye ndiye somo wa shirika la masista lililozaliwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Kila parokia ya Ufipa ina msimamizi wake, na siku yake watu wanaijua: misa ndefu, kwaya za vigango, maandamano, vigelegele, kisha sufuria za wali na ugali. Lakini Malkia wa Afrika ndiye aliyewatangulia wasimamizi hao wote kuja huku, na habari za waliomleta hazisimuliwi inavyostahili.

Chimbuko la heshima hiyo ni Algiers. Kanisa lake, lililo juu ya kilima kinachoitazama bahari, lilitabarukiwa mwaka 1872, na tarehe 30 Aprili 1876 sanamu yake ikavikwa taji. Humo ndani kumeandikwa sala inayomsihi Mama awaombee Wakristo na Waislamu pia. Askofu mkuu wa mji huo, Charles Lavigerie, aliyekuja kuwa kardinali, alikuwa ameanzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868 na kuliweka chini ya ulinzi wa Malkia huyo. Mwaka 1879 mapadre wake wakafika Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika.

Mwaka huohuo, kusini zaidi, Wabelgiji waliotumwa na Chama cha Kimataifa cha Afrika cha Mfalme Leopold II walifungua kituo Karema, na baadaye wakakijengea ngome. Mwaka 1885 macho ya Leopold yalikuwa Kongo, na ngome ikakabidhiwa kwa mapadre.

Hapo ndipo kisa kinaponoga. Lavigerie aliota ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, wenye mtawala wake na askari wake, utakaozuia misafara ya watumwa. Ng'ambo ya ziwa alimweka Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kulitumikia jeshi la Papa, awalinde Wakristo kwa bunduki. Karema nako padri alijikuta ana madaraka ambayo seminari haikumfundisha. Aliamua kesi, aligawa mashamba, alilinda ngome, na waliokimbia vita walikuja kwake kama wanavyokwenda kwa mtemi.

Watu wake wa kwanza walikuwa kina nani? Wengi walikuwa watoto na vijana waliokombolewa kutoka kwa wafanyabiashara ya watumwa. Walilelewa misheni, wakafundishwa sala na kilimo, wakaozeshwa wao kwa wao na kupewa viwanja. Masista Weupe walipofika mwaka 1894, wasichana nao wakapata walezi wa kike. Kengele iliwaamsha, ikawapeleka shambani, ikawarudisha kanisani.

Hapa pana mvutano ambao haujaisha. Kwa upande mmoja, fedha ya misheni iliwatoa watu hawa kwenye minyororo. Kwa upande mwingine, aliyekombolewa hakuwa na ukoo, hakuwa na shamba la babu, hakuwa na pa kwenda. Uhuru wake ulikuwa mikononi mwa aliyemkomboa. Wasifu wa kimisheni hutukuza upande wa kwanza, wakosoaji hushikilia ule wa pili. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa kweli kwa wakati mmoja, na ndiyo maana Malkia wa Afrika aliwakaa moyoni. Mtu asiye na wazee wa kumwombea kaburini angemkataaje mama anayepewa bure?

Atiman alikuwa mmoja wao, ingawa alitoka mbali zaidi. Alizaliwa Tundurma, kando ya mto Niger karibu na Timbuktu, miaka ya 1860. Alitekwa akiwa mdogo, akavushwa Jangwa la Sahara, na Mapadre Weupe wakamkomboa Algeria. Lavigerie aliamini kwamba Afrika ingeinjilishwa na Waafrika wenyewe, hasa waganga wenye ndoa na familia zao, wanaoishi kama majirani. Akawapeleka vijana kadhaa Malta kusomea udaktari. Atiman alimaliza, akajiunga na msafara kutoka pwani, akawasili Karema mwaka 1889.

Hakurudi kwao tena. Alimwoa Agnes Wansahira, mwanamke wa Kibende, na mtoto wao Joseph akawa padri. Alitibu wagonjwa na kufundisha dini, maana kazi yake ilikuwa udaktari na ukatekista kwa pamoja. Mwaka 1946 simulizi ya maisha yake, kwa maneno yake mwenyewe, ilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Kutoka ziwani imani ilipanda milimani. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza Kanisa la huku kuanzia 1891 hadi alipofariki 1917, alisimamia kuenea kwa misheni Kirando, Kala, Kate, Mwazye na kwingineko. Ufipa haukuwa uwanja mtupu. Ulikuwa na watawala wake wa Nkansi na Lyangalile, na mizimu ya milima na maziwa iliyotunzwa na makuhani wake, chatu wakipokewa kama wageni wa heshima. Mwanahistoria Kathleen Smythe, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu familia za Wafipa, anaeleza kwamba watoto wa Kifipa walikuwa na desturi ya kulala mbali na wazazi, pamoja na wa rika lao, kwa hiyo bweni la misheni halikuwa jambo geni kabisa. Familia zikaanza kutoa mapadre na masista, ingawa kila binti aliyevaa shela ya utawa alikuwa mahari iliyopotea na wajukuu wasiozaliwa. Shirika la Masista wa Maria Malkia wa Afrika lilijengwa juu ya sadaka hiyo ya wazazi.

Yaliyofuata yanajulikana. Karema ikawa jimbo mwaka 1953. Askofu Charles Msakila akalishika mwaka 1958. Mwaka 1969 jina na makao vikahamia Sumbawanga. Mwaka 2000 likazaliwa Jimbo la Mpanda, na Karema ikaenda huko. Mwaka 2012 serikali nayo ikaunda Mkoa wa Katavi. Chimbuko la imani ya Ufipa likawa nje ya jimbo na nje ya mkoa.

Labda hiyo ndiyo sababu ya usahaulifu wetu. Leo Karema inasikika kwa habari ya bandari mpya na mizigo ya Kongo. Katika sherehe zetu tunawashukuru maaskofu na wafadhili, tunakata keki, tunatambulisha wageni rasmi mmoja baada ya mwingine. Waliokombolewa hawana mtu wa kuwatambulisha. Simulizi ya Atiman ipo, imechapishwa, na ni fupi kuliko orodha ya wageni rasmi. Majimbo ya Sumbawanga na Mpanda yangeitoa kwa Kiswahili na kuwapa watoto wa shirika la Utoto Mtakatifu waisome kwa sauti kila 30 Aprili, kabla ya hotuba ya kwanza.