Ngozi Iliyoyeyusha Mukuba

Hapa kwetu Kolwezi kila mtu anaujua msalaba wa shaba. Bendera ya Katanga ya miaka 1960 hadi 1963 ilikuwa nayo mitatu. Lakini tukiulizana ni nani alishona ngozi iliyosaidia kuyeyusha shaba ya ule msalaba, wote tunanyamaza. Tumeandika maneno haya machache kwa kuwakumbuka washonaji wale.

Wazee wetu Wasanga walisema wanakwenda “kula mukuba”. Ilikuwa kazi ya kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ghalani. Wanawake na watoto waliokota malakiti, lile jiwe la kijani, juu ya vilima. Wanaume walishuka mashimoni. Mmisionari Jean-Félix de Hemptinne alieleza kazi hiyo katika makala yake ya mwaka 1926 juu ya walaji wa shaba wa Katanga. Na ni kazi ya zamani sana: pale Naviundu, karibu na Lubumbashi, alama za kuyeyusha shaba ni za karne ya 4 hivi.

Sasa tufikiri juu ya moto. Shaba inayeyuka ikifika digrii 1085. Makaa yakiachwa yenyewe hayafiki huko, yanataka upepo. Njo maana palikuwa na mivuba, ile ambayo vitabu vinaita mivukuto. Katika nchi zetu mingine ilikuwa mfuko wa ngozi, mingine bakuli la muti lililofunikwa ngozi laini. Mtu alisukuma na kuvuta, upepo ukapita katika mdomo wa udongo mpaka ndani ya tanuru.

Kushona ngozi hiyo hakukuwa mchezo. Ikibaki ngumu, haikunjiki. Mshono ukilegea, upepo unatokea pembeni, moto unapoa, na malakiti na makaa ya siku nzima yanapotea. Na ngozi inakaa karibu na joto: inakauka, inapasuka. Lazima ipakwe mafuta, ilainishwe kwa mikono, itiwe kiraka mapema, tundu likiwa bado dogo. Mtu wa mivuba hakungoja iharibike mbele ya tanuru.

Katika karne ya 19 Wayeke wa Msiri, waliotoka upande wa Unyamwezi, walijulikana kwa nyaya zao za shaba. Kisha mwaka 1906 ikaundwa Union Minière du Haut-Katanga, na mwaka 1911 tanuru zake za Lubumbashi zikatoa shaba ya kwanza. Mivuba ikakosa kazi.

Hapo njo kuna hasara yetu. Udongo uliochomwa unabaki ardhini, taka za shaba zinabaki, misalaba inabaki. Ngozi inaoza. Wachimbuaji wa mambo ya kale wanaokota midomo ya udongo, lakini mkono wa mshonaji hawauoni. Ufundi huo ulikaa katika vichwa vya watu tu, na vichwa hivyo vinakwenda kaburini.

Hata leo, kijana anayeshuka shimoni kwa kamba anajua kwamba uzima wake uko kwa yule aliyeikagua kamba asubuhi. Jina la mkaguzi huyo halitaandikwa popote. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu yuko babu aliyesikia habari za mivuba, usimuulize juu ya msalaba tu. Muulize ni ngozi ya nyama gani, ilishonwa kwa uzi gani, na ni nani aliyeitunza. Andika jibu lake siku ile ile.