Haki ya Mtungaji na Dhima ya Mchukuzi

Mwizi akichukua mbuzi, msomaji, zizi la mwenyewe hupungua, naye hufuatwa kwa nyayo. Lakini mtu akinakili kitabu, kitabu hubaki mahali pake. Kilichochukuliwa ni jasho la mtungaji, na jasho halina nyayo. Kwa hiyo wizi huu ulikaa miaka mingi bila ya kuitwa wizi.

Katika Uingereza haki ya kuchapa ilikuwa kwanza mali ya wachapaji. Mwaka 1557 chama chao cha London kilipewa hati ya kifalme, na kitabu kilichoandikwa katika daftari la chama kikawa milki ya mwanachama. Mtungaji, akiisha kuuza mswada wake, hakuwa na neno tena. Mwaka 1695 sheria ya leseni iliyowakinga wachapaji ilikoma, nao wakalalamika kuwa chapa za wizi zimeenea.

Mwaka 1710 ilianza kutumika sheria ya enzi ya Malkia Anne. Mtungaji wa kitabu kipya alipewa haki ya miaka 14, na 14 mingine kama angali hai. Aliyechapa bila idhini alinyang'anywa vitabu hivyo na kutozwa peni moja kwa kila karatasi. Muuzaji naye aliadhibiwa, walakini iwapo tu alijua kuwa vilichapwa bila idhini.

Litie moyoni neno hilo, kujua, maana limerudi katika zama za intaneti. Wimbo ukiwekwa humo bila ruhusa, je, kampuni inayouhifadhi ihukumiwe pamoja na aliyeuweka? Kampuni hiyo huchukua shehena isiyoifungua. Mwaka 1998 Marekani iliamua kwamba mchukuzi asiyejua asitozwe fidia, mradi akiisha kuarifiwa aiondoe kazi hiyo upesi. Kenya nayo iliweka kanuni ya namna hiyo mwaka 2019.

Kanuni hii ina hatari yake. Mchukuzi mwoga huweza kuondoa hata kazi halali kwa malalamiko ya uongo, na asiye na hatia akanyamazishwa. Haki ya mtungaji isilindwe kwa kumdhulumu mwingine.

Nawe, msomaji, ukinakili kazi ya mtu na kuieneza, usijifiche nyuma ya mchukuzi. Yeye aweza kusema kweli kwamba hakujua, wewe huwezi.