Lugha ya Mikono kwa Jirani Zetu: Kutoka Mabwenini Hadi Bungeni



Tarehe 27 Agosti, 2010, jirani zetu wa Kenya walitangaza Katiba yao mpya. Waliofuatilia habari siku zile walishughulika zaidi na madaraka ya Rais, serikali za kaunti na suala la ardhi. Ni wachache walioitazama ibara ya 120, inayosema kwamba lugha rasmi za Bunge la nchi hiyo ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Hivyo lugha isiyo na sauti ilipewa nafasi sawa na lugha mbili zinazosikika. Yafaa tujiulize ilitoka wapi, maana haikutungwa na kamati yoyote ya Serikali.

Kwa sehemu kubwa ilitoka mabwenini. Mwaka 1961, miaka miwili kabla ya Uhuru wa Kenya, shule za viziwi zilifunguliwa Mumias na Nyang'oma, magharibi ya nchi hiyo. Walimu wa zama zile walifuata mkondo uliotoka Ulaya, uliopata nguvu katika mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milano mwaka 1880. Mkondo huo ulidai kwamba mtoto kiziwi afundishwe kutamka kwa kinywa na kusoma midomo ya wenziwe, na kwamba ishara za mikono zisitumike darasani. Lakini shule hizo hizo ziliwakusanya pamoja watoto ambao kila mmoja, huko kijijini kwao, alikuwa kiziwi peke yake. Marufuku ilikuwa darasani. Bwenini watoto walikuwa na wenzao, na mikono yao ilikuwa huru. Waliomaliza masomo waliichukua lugha hiyo wakaenda nayo mijini, wakatafutana, wakaanza kukutana.

Uganda nako mambo hayakuwa mbali na hayo. Chama cha Taifa cha Viziwi cha nchi hiyo kiliundwa mwaka 1973, yaani katika utawala wa Idi Amin, wakati ambapo mkusanyiko wa watu wowote ungeweza kutiliwa shaka. Mwaka 1995 Katiba ya Uganda ikaiagiza Serikali kuhimiza maendeleo ya lugha ya ishara, na mwaka uliofuata Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, akaingia Bungeni kuwawakilisha watu wenye ulemavu. Hatua hizo zisingefikiwa kama viziwi wenyewe wasingekuwa na mahali pa kukutana na kushauriana.

Sasa tuitazame simu, ambayo historia yake ina kinaya. Alexander Graham Bell, aliyepewa hati ya uvumbuzi huo mwaka 1876, alikuwa mwalimu wa viziwi. Mama yake alikuwa na uziwi, na mkewe alikuwa kiziwi kabisa. Hata hivyo chombo chake kiliwaacha viziwi nje kwa karibu miaka 90.

Mwaka 1964, katika jimbo la California nchini Marekani, viziwi watatu walipata njia. Hao ni mwanafizikia Robert Weitbrecht, daktari wa meno James Marsters, na Andrew Saks. Askari wa mawasiliano watalielewa jambo hili upesi kuliko wasikilizaji wengine. Walichukua teleprinta kuukuu, mashine ya aina ile ile iliyotumika majeshini na katika mashirika ya habari. Weitbrecht akatengeneza kifaa cha kugeuza herufi kuwa milio. Mkono wa simu ya kawaida ulilazwa juu ya kifaa hicho, milio ikasafiri katika waya, na upande wa pili ikageuzwa tena kuwa herufi. Kampuni kubwa ya simu ya nchi hiyo ilikuwa imekataza chombo cha mtu mwingine kuunganishwa na waya zake. Lakini kifaa hiki hakikuunganishwa na waya, kilipokea milio tu kutoka katika mkono wa simu. Aliyemaliza zamu yake aliandika herufi GA, kama vile ninyi mnavyosema "ova" katika redio zenu.

Mashine zenyewe zilikuwa mizigo ya chuma ambayo mtu mmoja hakuweza kuiinua, na nyingi zilikuwa zimekwisha kustaafishwa na wenyewe. Waliozikusanya, wakazibeba na kuzitengeneza upya walikuwa hasa viziwi wa kujitolea, waliofahamiana katika vilabu na vyama vyao. Mwaka 1968 chama maalumu kikaundwa kwa kazi hiyo. Mkutano ulikuwapo kwanza, ndipo mashine ikapata njia ya kuwafikia watu.

Afrika Mashariki njia hiyo haikuweza kuenea, kwa sababu simu za waya zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa maofisini. Kilicholeta mabadiliko ni simu ya mkononi na ujumbe wake mfupi wa maandishi, tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Mwaka 2007 Kenya ikaanzisha M-Pesa, na kiziwi akaweza kutuma fedha kwa vidole bila ya kumwomba mtu amsemee. Baadaye zikaja simu zenye picha, ambazo ishara zenyewe hupita humo.

Wako wanaodhani kwamba simu itaimaliza mikutano ya viziwi. Sisi hatuoni hivyo. Ujumbe mfupi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na kwa viziwi wengi hizo ni lugha za pili, walizojifunza kwa taabu katika shule zilizowataka wasome midomo. Lugha yao wenyewe hujifunzwa kwa kutazamana. Kwa hiyo simu huwaita watu mkutanoni, na mazungumzo yenyewe hufanyika pale wanapokutana.

Hapa ndipo jambo hili linapowagusa ninyi mlio katika ulinzi na usalama. Kundi la viziwi wanaozungumza kwa mikono ya haraka na nyuso zilizokunjamana laweza kumwonekania askari wa doria kuwa ni ugomvi. Kiziwi anayeamriwa kusimama kwa sauti, naye amegeuka, hajaisikia amri, hakuikaidi. Katiba ya Kenya, katika ibara ya 49, yataka mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa. Na ile ya Uganda, katika ibara ya 28, yampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo.

Askari amfungaye kiziwi pingu mikono ikiwa nyuma amemziba kinywa kabla ya kumwuliza jina. Na simu ya mtu huyo ikiwekwa kando kituoni pamoja na mkanda na viatu vyake, njia yake ya kumwita mkalimani huwa imekwenda nayo.