Kiendeshi cha Atheros na Jina la Mwandishi

Kiendeshi ni programu yenye pande mbili: upande mmoja huiamuru kadi ya mtandao, wa pili huzungumza na mfumo wa uendeshaji. Anayekihamishia mfumo mwingine huandika upya upande wa pili, maana kadi ni ileile. Basi mali yenyewe ni ujuzi wa kadi, na kampuni ya Atheros iliuficha.

Reyk Floeter aliuchimbua mwenyewe, kazi yake ikatoka katika OpenBSD 3.7 mwaka 2005. Watu wa Linux wakaichukua, tena kwa haki: leseni iliruhusu karibu kila kitu, ila kufuta tangazo la mwandishi. Agosti 2007 yakapendekezwa mabadiliko ya kuiondoa leseni hiyo na kuweka GPL. Theo de Raadt, kiongozi wa OpenBSD, akawaka. Huo haukuwa ugomvi wa karatasi tu: chini ya GPL, OpenBSD isingekubali kurudishiwa masahihisho ya kazi yake yenyewe.

Kiendeshi kiliingia Linux 2.6.25 mwaka 2008, kikiitwa ath5k. Mwaka huohuo Atheros nayo ikafungua msimbo wake. Mwanafunzi wa Nakawa akifungua faili za ath5k leo, atakuta jina la Floeter juu kabisa, pamoja na ruhusa yake.