Bunduki ya Raia na Mpaka Uliofunguliwa: Hoja kutoka Eastlands

Tangu Januari 2014, Mkenya mwenye kitambulisho cha taifa anaweza kupanda basi Nairobi jioni na kuamkia Kampala bila kuonyesha pasipoti. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, iliufungua mpaka kwa watu, bidhaa, huduma, mtaji na kazi. Bunduki ya raia haikuguswa. Leseni inayompa mkazi wa Buruburu ruhusa ya kubeba bastola yake kutoka Mombasa hadi Malaba hukoma Malaba. Hatua chache mbele yake, bastola ileile ni kosa la jinai.

Wako wanaoiona hali hii kuwa kasoro ya utangamano, wakitaka leseni ya nchi moja itambuliwe na nchi zote za Jumuiya. Makala haya yanapinga rai hiyo. Leseni ikome mpakani. Kinachohitaji kurekebishwa ni utaratibu wa yule mwenye sababu halali ya kuvuka na silaha yake, kwa kuwa jinsi ulivyo sasa utaratibu huo hauachi kumbukumbu ambayo nchi mbili zinaweza kuisoma kwa pamoja. Pengo hilo linawagusa watu wengi kuliko wachache wenye leseni, na mahali linapoonekana wazi zaidi ni mitaa ya mashariki ya Nairobi, yaani Eastlands.

Eastlands haitengenezi bunduki za kivita, wala haiko mpakani. Hata hivyo vita vya majirani vimefika hapa kwa barabara. Aprili 1979 utawala wa Idi Amin ulipoanguka Uganda, ghala la silaha la kambi ya Moroto lilivunjwa, na bunduki zikaenea Karamoja na kuingia Pokot na Turkana. Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilisambaratika Mogadishu. Baada ya hapo njia ya Liboi na Garissa ikawa njia ya wakimbizi, ya biashara, na pia ya magendo. Mabasi ya Garissa na Mandera huishia Eastleigh, na kutoka hapo mzigo hugawanyika kuelekea Mathare, Huruma, Kariobangi, Dandora na Kayole. Mwaka 2012 utafiti wa Small Arms Survey ulikadiria kuwa raia wa Kenya walikuwa na silaha kati ya 530,000 na 680,000. Wenye leseni ni sehemu ndogo sana ya idadi hiyo.

Historia hii imetumiwa vibaya. Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, askari walipekua nyumba za Eastleigh mlango kwa mlango na maelfu ya watu wakakamatwa, wengi wao wakizuiliwa katika uwanja wa Kasarani kwa sababu ya sura na asili yao. Nasema bila kusita kwamba ile haikuwa kazi ya kudhibiti silaha. Bunduki hufuatwa kwa namba yake na kwa karatasi zake. Dola isipotunza karatasi hizo, hubaki kufuata nyuso za watu.

Ndani ya Kenya sheria yenyewe iko wazi kiasi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ina mizizi yake katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na bado imebeba roho ya enzi hizo: kumiliki bunduki ni ruhusa ya serikali, si haki ya raia. Cheti hutaja silaha kwa namba yake na kiasi cha risasi kinachoruhusiwa, na lazima kihuishwe. Desemba 2018 Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliwaamuru wenye leseni wote wachunguzwe upya, na rekodi zikaanza kuingizwa katika mfumo wa kidijitali. Cheti hicho kinatumika katika kaunti zote 47. Hata hivyo, mazingira ya safari yanaweza kubadilika njiani. Februari 2023 kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa, zikiwemo Baringo, Turkana na Samburu, zilitangazwa kuwa maeneo yenye vurugu na ya hatari, kukawekwa kafyu, na wenye silaha haramu wakapewa siku tatu kuzisalimisha. Msafiri mwenye cheti safi aliyekuwa akielekea Maralal wiki hiyo alipaswa kujua kwamba kila kizuizi cha barabarani kingemtazama kwa jicho jingine.

Safari ya nje ina masharti mazito zaidi. Tumchukue mfanyabiashara wa Eastleigh anayetaka kwenda Arusha na bastola yake. Cheti chake cha Kenya hakitoshi. Anahitaji kibali cha kuitoa silaha nchini, na kibali cha kuiingiza Tanzania kutoka mamlaka za huko, zinazoongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Akisafiri kwa ndege, uwanja uko Embakasi, Eastlands hiyohiyo. Huko lazima aitangaze kaunta. Bastola itolewe risasi zote, ifungiwe kwenye kasha na iende na mizigo ya chini ya ndege, na risasi zipakiwe salama zisizidi kilo 5 kwa abiria. Hata mwindaji kutoka Ulaya anayepita Nairobi kwenda kuwinda Tanzania hawezi kudhani kwamba, kwa kuwa haondoki uwanjani, sheria ya Kenya haimhusu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, kwa hiyo hapa uwindaji si sababu ya kubeba bunduki.

Ugumu wenyewe umo barabarani. Namanga ilizinduliwa kuwa kituo cha pamoja cha mpakani Desemba 2018. Busia ilikuwa imetangulia Februari mwaka huohuo. Lengo ni jema: msafiri asimame mara moja tu. Anayetoka Kenya hupita majengo ya upande wa Kenya bila kusimama, akashuke upande wa Tanzania, ambako maafisa wa nchi zote mbili wameketi chini ya paa moja. Afisa wa Kenya humgongea muhuri wa kutoka, wa Tanzania humgongea wa kuingia. Kwa gunia la maharage, huo ni ufanisi. Kwa bastola, maana yake ni kwamba silaha imeshaingia ardhi ya jirani kabla ya ofisa yeyote kuuliza kibali chake. Zamani, aliyesahau kibali angerudishwa na afisa wa upande wa kwanza, akaiache silaha kituo cha polisi, safari ikaendelea au ikafa hapo. Sasa, kwa kutangaza silaha yake kwa uaminifu, anajitangaza kuwa tayari ameshaiingiza bila ruhusa. Utaratibu unaomtia hatiani mkweli na kumpita mwenye kuficha humfundisha msafiri kuficha.

Mfano wa Ulaya hutajwa mara kwa mara na wanaotaka leseni ya pamoja, lakini ni nadra kusomwa hadi mwisho. Jumuiya ya Ulaya ilipojiandaa kuondoa ukaguzi wa mipaka ya ndani, ilitunga agizo la Juni 1991 lililoanzisha pasi ya silaha. Pasi hiyo huorodhesha silaha za mwenyewe, lakini kwa kawaida haimwondolei wajibu wa kupata idhini ya nchi anayokwenda. Wawindaji na walenga shabaha ndio waliolegezewa, nao sharti waonyeshe sababu ya safari, kama vile mwaliko. Kwa maneno mengine, Ulaya iliongeza karatasi za bunduki kwa sababu ilikuwa inapunguza walinzi wa mpaka. Marekani nayo, kwa sheria ya 1986, humlinda msafiri anayepita jimbo lenye masharti makali iwapo anaruhusiwa kumiliki silaha hiyo anakotoka na anakokwenda, haina risasi, na haiwezi kufikiwa kwa urahisi akiwa ndani ya gari. Ulinzi huo ni wa kupita njia. Kwetu, ambako nchi jirani haina namna ya kuthibitisha papo kwa papo kwamba cheti cha Nairobi ni cha kweli, hata ulinzi huo mdogo ungekosa msingi.

Hoja ya upande wa pili ina uzito, na haistahili kubezwa. Septemba 2013, magaidi waliposhambulia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi, raia wenye leseni walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia kuokoa watu. Abdul Haji alijulikana dunia nzima kwa hilo. Mfanyabiashara anayebeba fedha kati ya Nairobi na Kampala ana hofu ya kweli. Lakini Haji alikuwa katika mji wake, chini ya mamlaka iliyompa silaha na inayoweza kumnyang'anya. Mfanyabiashara akifika Kampala na bastola, polisi wa Uganda hawajui lolote kuihusu. Ikiibwa hotelini, itaripotiwa kwa nani, na taarifa itamfikia lini aliyeitoa leseni Nairobi?

Hapo ndipo Eastlands inapohusika kwa namna ambayo wataalamu wa usalama huisahau. Kijana akiuawa Dandora au Mathare, mara nyingi taarifa ya polisi husema bastola na risasi kadhaa zilipatikana kando ya mwili. Mara nyingi familia hukana. Tangu 2011 Kenya ina sheria iliyounda Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi, na mashirika ya mitaani, kikiwemo Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare, yameandika habari za vifo hivi kwa miaka. Bastola yenye namba inayosomeka, na rejista inayoonyesha ilipita wapi, mikononi mwa nani, ilivuka mpaka gani na lini, ni ushahidi usiotegemea neno la askari wala la mama wa marehemu. Bila rejista hiyo, bastola iliyolala kando ya maiti inaweza kusimulia hadithi yoyote atakayo aliyeiokota.

Msingi wa kisheria tunao. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na kuanza kutumika Mei 2006, inazitaka nchi wanachama kusajili silaha za raia, kuzitia alama, kuoanisha sheria na kupeana taarifa. Makao ya kituo cha kanda kinachoisimamia, RECSA, yako Nairobi. Hatuhitaji mkataba mwingine. Inahitajika fomu moja ya kanda, inayojazwa kabla ya safari na kuidhinishwa na nchi mbili, ikitaja namba ya silaha, idadi ya risasi, mpaka wa kuvukia na siku ya kurudi. Nakala yake iwe imeshafika kwenye kituo cha pamoja kabla gari halijafika. Upande wa nchi anayotoka msafiri kuwe na dirisha moja la silaha tu, ambako kila mwenye bunduki lazima asimame, hata kama mizigo mingine yote inapita. Siku ya kurudi ikipita bila silaha kuonekana, polisi wa nchi zote mbili wapate taarifa siku hiyohiyo.

Watakaosema fomu hiyo itachelewesha safari wanasema kweli. Abiria wengine wa basi la Arusha watasubiri kidogo mwenzao mmoja akihesabiwa risasi zake, na huo ni muda halali kudaiwa kutoka kwa mtu aliyechagua kusafiri na silaha.