Kiwanda Kilichokwisha Pata Wenyewe

Mtaani kwetu, nje kidogo ya Mwanza, kulikuwa na kiwanda cha kuchambulia pamba kilichofungwa kabla sijaanza shule. Kwetu sisi watoto hakikuwa kimekufa. Tulicheza mpira uani, mama zetu walianika dagaa kwenye sakafu ya saruji, na mvua ikikatisha harusi, watu walihamia humo na ngoma zao. Siku moja tukakuta uzio na mlinzi. Basi, ikaisha.

Nilikumbuka uzio ule nikisoma habari za Lina Bo Bardi, msanifu majengo aliyezaliwa Roma mwaka 1914 na kuhamia Brazil mwaka 1946. Mwaka 1976 alikwenda kukagua kiwanda kikuukuu katika mtaa wa Pompeia, São Paulo. Hapo palitengenezwa mapipa ya chuma, baadaye majokofu ya mafuta ya taa. Mwenye mali sasa alikuwa SESC, taasisi ya huduma za jamii inayoendeshwa kwa michango ya waajiri wa sekta ya biashara. Mpango wa kubomoa ulikuwepo tayari.

Siku ya kwanza kilichomvutia ni jengo: nguzo nyembamba za zege, mabanda yamejipanga safu. Aliporudi Jumamosi akakuta watu. Watoto wanakimbia, vijana wanapiga mpira huku paa bovu likivuja, akina mama wanachoma nyama. Sasa hapo unafufua nini? Pahali penyewe pako hai! Akaona kazi yake ni kuilinda furaha ile.

Akahamishia ofisi yake palepale kwenye ujenzi. Lipu ikabanduliwa, matofali yakaonekana. Ndani hakukatakata vyumba. Aliweka meko ya moto na kijito cha maji kinachojipinda sakafuni, watu wakae, wasome, wapige soga. Kituo kilifunguliwa mwaka 1982, na majengo ya michezo yakakamilika 1986: minara ya zege iliyounganishwa kwa madaraja, madirisha yake kama matundu ya pango. Katikati kulikuwa na mto uliofunikwa, ambao juu yake hairuhusiwi kujenga. Akatandika mbao tu. Watu wakapageuza ufukwe, wanaota jua mbali kabisa na bahari.

Tukumbuke, Brazil ilikuwa chini ya wanajeshi tangu 1964 hadi 1985. Kuwapa watu mahali pa kukaa pamoja bila kazi maalumu halikuwa jambo dogo.

Huku kwetu jengo la zamani likipata fedha, swali la kwanza huwa: tuweke nini hapa? Ni nadra kusikia mtu akiuliza nani yumo tayari, na anafanya nini siku ya Jumamosi.

Mwaka jana nilipita kwenye kiwanda chetu cha pamba. Uzio upo, mlinzi yupo. Paa limewekwa jipya, halivuji hata tone. Ndani hamna mtu.