Bika Mbili na Swali la Mpemba

Ndugu wenzangu tuliosoma hapa, tunapotaja vifaa vya maabara ya fizikia, mara nyingi tunavitaja kama vitu vya mtihani: mizani, rula, kipimajoto, bika. Lakini historia ya nchi yetu yatuonyesha kwamba vifaa vya aina hiyo vilipata kubeba swali ambalo wanasayansi hawajalimaliza hadi leo.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa na sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayatia katika jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa finyu, naye akayaingiza ya kwake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu hivi yalikuwa yameganda, hali ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa, yalikuwa bado uji mzito. Alipomwuliza mwalimu sababu, aliambiwa kuwa amechanganyikiwa.

Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si ya ulimwengu. Tangu hapo kila alipokosea hesabu alisimangwa kwa maneno ya namna hiyo hiyo.

Alasiri moja aliikuta maabara ya bayolojia iko wazi. Akachukua bika mbili ndogo za mililita 50, moja akaitia maji ya bomba na ya pili maji ya moto, akaziweka katika jokofu. Baada ya saa moja, bika iliyotiwa maji ya moto ndiyo iliyokuwa na barafu nyingi zaidi.

Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alipoitembelea shule hiyo, Mpemba alimwuliza swali lile lile. Wenzake walimcheka. Mgeni hakulidharau, aliporudi Dar es Salaam alihakikisha kwamba jaribio linafanywa. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education, na jambo lenyewe likaja kuitwa athari ya Mpemba.

Ubishi ungalipo. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden wa Uingereza walionyesha kwamba kipimajoto kikitofautiana kimo ndani ya maji kwa sentimita moja tu, chaweza kuonyesha tofauti isiyokuwapo. Kumbe hata pa kukiweka kipimajoto ni elimu.

Ndugu zangu, bika zile hazikuwa za thamani kubwa. Lililomfaa Mpemba ni mlango kuwa wazi baada ya vipindi. Basi tunapochangia vifaa vya shule yetu, tuchangie pia posho ya mtu wa kuisimamia maabara alasiri. Kabati lenye kufuli halijapata kumfundisha mtoto yeyote. Na mwanafunzi akileta swali la ajabu, tumpe bika mbili kabla ya kumpa jibu.